Soli Zilizoyeyuka Kidogo

Bekarini, 4 Mei

Kitindamimba wetu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia mapema ili usipate kisingizio cha kusema shikamoo yako ilipotelea njiani. Dereva wa kituo chenu cha kupima mlima, huyu mnayemwita Breki kwa sababu gari lake halina, amekubali kukuletea barua hii na mkate. Mkate ukifika umepungua upande mmoja mdai yeye, mimi simo.

Tangu Baba afunge duka lake la viatu na kuhamia kwangu, nyumba imechangamka. Magoti yanamsumbua, lakini mdomo bado unafanya kazi ya watu wanne. Anakaa karibu na tanuri na kuwaambia wateja wangu viatu vyao vimelika upande gani na kwa nini. Wengine huja kununua mkate wakaondoka wameudhika.

Jambo jipya ni chumba cha chini, kile ninachoumulia unga. Sakafu imepata joto lake yenyewe. Ukivua viatu unalisikia. Unga uliokuwa ukinichukua asubuhi nzima kuumuka, siku hizi nikienda kunawa mikono tu nikirudi umeshafurika beseni. Nimepunguza kuni, nimeongeza mikate, na waoka mikate wenzangu mtaani wananitazama kwa jicho la pembeni.

Wateja wanauliza kama ni huo mlima wako. Wananiuliza mimi, kana kwamba niliuzaa! Kwa hiyo nieleze, kwa maneno ya mwoka mikate, si ya vitabu vyenu: mlima wa moto unafanyaje kazi, na kwa nini huu umeanza kunisaidia bila kuombwa?

Baba anakusalimu. Nilimpa kalamu aandike mwenyewe, akasema mkono wake ulizoea nyundo. Amesema tu, "Mwambie afunge kamba za viatu." Hilo ndilo penzi lake, lipokee.

Dada yako, mwenye unga mpaka kwenye nyusi


Kituoni, mlimani, 11 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Mkate ulifika nusu. Breki anaapa kwamba ulitoka kwako hivyo hivyo.

Haya, somo la mwoka mikate. Chini sana ardhini, mbali kuliko kisima chochote, kuna joto la kuyeyusha mawe. Mawe yakiyeyuka yanakuwa mepesi kuliko yale yanayoyazunguka, kwa hiyo yanapanda, yanatafuta nyufa, yanajikusanya mahali kama unga kwenye beseni lako. Huo uji wa mawe ndio tunaouita magma. Ndani yake mna gesi, imebanwa na uzito wa ardhi iliyo juu. Kadiri uji unavyopanda uzito unapungua, gesi inaanza kutoa mapovu, na mapovu yanausukuma uji juu zaidi. Ni hamira, dada! Unga wako unaumuka kwa gesi, na mlima vilevile.

Uji ukiwa mwepesi, gesi inatoka kwa amani na lava, yaani uji uliokwisha kutoka nje, inatiririka tu. Mara nyingi mtu anaweza kuikwepa kwa miguu yake. Uji ukiwa mzito, gesi inakwama, inakwama, mpaka siku inapasua kila kitu. Hapo hutoka majivu, mawe, na wingu la moto linaloteremka mlimani kwa kasi kuliko gari lolote, la Breki ndiyo usiseme. Vyote hivyo vikipoa vinaganda na kuwa tabaka jipya. Mlima wenyewe umejengwa hivyo, tabaka juu ya tabaka. Mji wetu wote umekaa juu ya matapishi ya zamani, ndiyo maana mboga zinastawi.

Joto la sakafu yako ni joto linalosafiri kwenye mawe, basi. Furahia kuni zako. Huku juu hakuna jipya. Tunapima, tunaandika, tunakunywa chai.

Nakutumia viatu vyangu. Soli zimeyeyuka kidogo, nilikanyaga mahali panapotoka mvuke. Usimsumbue Baba, wape mafundi wa sokoni. Mwambie kamba nafunga.

Mdogo wako


Bekarini, 20 Mei

We mtoto,

Ulipoandika "wape mafundi wa sokoni" ulikuwa na akili timamu? Nilikuwa naisoma barua kwa sauti, Baba kakaa hapo na kikombe chake, nikajikuta nimeshalitamka. Akasema, "Sokoni." Neno hilo moja tu. Kisha akavuta mfuko, akatoa viatu vyako. Cha kulia alikigeuza akaangalia soli, akakiweka. Cha kushoto alitia mkono ndani mpaka kwenye kifundo, akakaa hivyo muda mrefu kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Nikamuuliza, vipi? Akajibu, "Soli tu." Chai hakuimaliza.

Basi viatu viko kwa fundi. Fundi gani, usiniulize, nimeapishwa. Na mimi unanijua, nikiwekewa siri tumbo linavimba.

Somo lako limenifaa sana. Siku hizi ukishuka chumba cha chini na taa ya mafuta, ukiiweka sakafuni inazimika. Ukiinua juu inawaka vizuri kabisa. Mwanzoni nilidhani mwenye duka ameniuzia mafuta yenye maji, nikaenda kumtolea maneno ambayo sasa itabidi nikayaombee radhi. Ndipo nikakumbuka: unga unatoa gesi! Joto jingi, unga mwingi, gesi nyingi, taa inazimika. Nimewaeleza wateja kama mwalimu mkuu. Taa naitundika kwenye msumari na kazi inaendelea.

Paka wetu, Bwana Afya, tuliyemwita hivyo kwa sababu hukagua kila kona ya bekari, amegoma kushuka. Anasimama ngazi ya juu, ananung'unika, anakwenda zake. Wala hana kazi huko, maana panya wenyewe nawakuta wamekufa bila jeraha.

Baba hajambo, ila uzee unabisha hodi. Mchana analala fofofo na akiamka kichwa kinamgonga. Magoti lakini yamepata nafuu, joto la ile sakafu limeyafaa, hata kigoda chake cha kazi amekiweka… Basi nimeshasema. Futa hayo, hukuyasoma.

Dada yako


Kituoni, mlimani, 21 Mei

Dada,

Mtoe Baba chumba cha chini sasa hivi. Kisha ndiyo uendelee kusoma.

Si unga. Unga wako hauwezi kuzima taa. Ni gesi ya mlima, inapenya kwenye nyufa za sakafu. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatuama chini kama maji kwenye dimbwi. Wewe unafanya kazi umesimama, kichwa chako kiko juu ya dimbwi. Paka angekuwa ndani yake. Mtu aliyekaa kwenye kigoda cha fundi viatu yuko ndani yake mpaka kidevuni.

Usishuke bila mtu wa kukushika kwa kamba. Vuta pumzi ukiwa nje, izuie, na chochote kitakachotokea usiiname. Mkishatoka, fungua milango yote ya juu, chumba hicho mkifunge, asikanyage mtu. Waambie majirani wenye vyumba vya chini wapande juu leo hii.

Nilikuandikia kwamba huku hakuna jipya. Lipo. Mlima umevimba, ubavu mmoja umeinuka kama kitambaa ulichofunika unga, na mitetemo haikatiki. Mkuu wetu wa kituo alitaka tufyate ulimi mpaka tuwe na uhakika, watu wasije wakakanyagana barabarani, nami nikaona nisikutie hofu. Leo amesoma barua yako, mama wa watu akakimbilia redio mwenyewe. Lakini redio inaishia makao makuu, na kutoka huko mpaka kwako sijui habari itapita mikono mingapi. Breki ana miwili tu. Nimemwambia asisimame popote, akaniuliza tangu lini gari lake linasimama.

Dada, nakuomba. Baba.


Bekarini, 23 Mei

Mdogo wangu,

Yu hai. Naanza na hilo.

Breki aliingia uani honi imekwama, haizimiki. Nilisoma mstari wa kwanza tu. Baba alikuwa ameshuka baada ya chai. Niliita kutoka juu, kimya. Breki akanifunga kiunoni kamba ya turubai la gari, nikavuta pumzi nikashuka. Nilimkuta kwenye kigoda ameegemea ukuta, kidevu kifuani, kama wale wazee wanaosinzia kwenye foleni. Nilitaka kumwangukia. Mwili wote ulitaka kuinama, nakwambia kweli. Badala yake nikalishika lile beleshi refu la kutolea mikate tanurini, nikalipitisha chini ya kwapa lake nikambinua juu, nikamdaka ukosi wa shati, na Breki akatuvuta sote wawili ngazini kama magunia.

Uani alifumbua macho baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka. Neno lake la kwanza: "Kiatu kiko wapi?" Kilikuwa mkononi mwake! Hakukiachia hata akiwa amezimia. Nilimjibu kwa lugha ambayo hakunilea nayo, kisha nikalia mpaka Bwana Afya akaja kunikagua. Daktari amempima, anasema mapafu ni mazima, apumzike.

Sasa siri haina maana tena. Anakushonea viatu vipya, ngozi safu tatu, visivyoogopa mvuke. Alikuwa anajificha chini ili wateja wasije wakapeleka habari mapema. Cha kulia kimekwisha, na ni kizuri, kizuri sana. Cha kushoto hata hajakianza. Nikimuuliza, anasema ile kalibu, ule mguu wa mti aliouchonga kwa kipimo chako ulipoajiriwa, haifai tena. Kwa nini haifai, hasemi.

Majirani wote wamehamia juu. Fundi saa wa jirani na mkewe walikuwa wanalala chini kwa ajili ya joto, na wao walikuwa wakiamka na vichwa vizito wakilaumiana kwa kukoroma.

Umenifokea nimtoe Baba nami nimemtoa. Zamu yako sasa. Unashuka lini? Baba haulizi, lakini kutwa yuko dirishani anautazama huo mlima, na mlango ukigongwa anageuka haraka kuliko magoti yanavyoruhusu. Nakutaka nyumbani. Sitanii.

Dada yako


Kituoni, mlimani, 27 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea nyuma ya ghala ili wenzangu wasinione uso. Asante. Sina neno kubwa zaidi ya hilo.

Amri imetoka, mji wote uhame. Fuateni barabara ya matuta, msipite ya mtoni hata mkiambiwa ni fupi. Majivu yakichanganyika na mvua yanakuwa tope zito linalofuata mto na kubeba nyumba nzima. Majivu yakianza kunyesha, jifungeni puani vitambaa vilivyoloa. Chukua hamira yako na mikate iliyopo. Ukishatoka usirudi kufuata kitu.

Mimi nabaki na mkuu wa kituo mpaka watu wa mwisho wapite. Lazima awepo wa kusoma mashine za mitetemo na kuwaambia walio barabarani waongeze mwendo. Breki atatufuata, tutashuka naye. Msiogope, nakimbia vizuri.

Mwambie Baba kamba nimefunga.

Mdogo wako


Shuleni tulikohamia, 3 Juni

Popote ulipo,

Sijui nimpe nani barua hii. Breki alipanda kuwafuata asubuhi tuliyohama na hajarudi.

Tuliona yote kutoka barabara ya matuta. Kilele kilipasuka, mchana ukawa giza, madereva wakawasha taa. Nilidhani nayajua majivu, mimi mtu wa tanuri. Haya yanakwaruza meno, yanalemea mabati mpaka yanabonyea. Na upande wa kituo chenu wingu halikupanda, liliteremka. Sikumwambia Baba nilichokiona na yeye hakuniambia, ingawa tulikuwa kwenye dirisha moja la gari.

Lava ilitoka siku zilizofuata. Ilikuja polepole kama ulivyonifundisha, watu walioitazama kutoka matutani walikuwa na muda wa kuitukana. Imekula mtaa wetu, bekari haipo. Sijailia bado. Naoka kwenye jiko la shule, na nikikanda unga nakusikia ukisema "ni hamira, dada", inabidi nitoke nje.

Baba hali chakula vizuri. Amekiweka kile kiatu cha kulia juu ya dawati, anakipaka mafuta kila asubuhi.

Leo sina utani. Nakupenda na nimekukasirikia, vyote kwa pamoja. Jibu. Hata ukiandika "nipo" tu.

Dada


Kambini, upande wa pili wa mlima, 10 Juni

Dada yangu,

Nipo.

Barua yako imezungushwa na magari ya misaada kambi hadi kambi mpaka ikanifikia, na nimeisoma mara nyingi, imeshachakaa. Breki alifika wakati mkuu wa kituo anazima mashine. Tulipofika chini kidogo barabara ikawa imekatwa na mawe, tukaliacha gari tukavuka tuta kwa miguu kwenda upande huu. Wingu likapita nyuma yetu, kituo chote kikaenda nalo. Sote watatu wazima. Breki alinibeba mgongoni kipande fulani, si kwa lazima, unamjua anavyopenda sifa. Njia zilikuwa zimefungwa, ndiyo maana mmekaa bila habari. Nisamehe kwa siku hizo.

Nitakaa huku kwanza. Kuna kazi ya kupima majivu, na sitaki kuja kuwabana darasani. Mguu umechoka kidogo tu, nikipumzika utakaa sawa. Msinisubiri haraka.

Mpe Baba shikamoo.

Mdogo wako


Shuleni, 17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mkono wangu ulizoea nyundo, kwa hiyo mwandiko utakuwa mbaya, vumilia. Dada yako alitaka niseme aandike yeye. Nimemkatalia, angetia chumvi.

Soli zimeyeyuka kidogo, uliandika. Sasa mguu umechoka kidogo. Nimeshona viatu maisha yangu yote na hakuna kiatu kilichowahi kunidanganya, ni wenye viatu tu. Nilipotia mkono ndani ya kile cha kushoto, nilikuta soksi imegandamana na ngozi ya kiatu, na si soksi peke yake. Nacho cha kulia kililika upande wa nje, kwa sababu ulikuwa unauelemea mguu huo. Niliyajua hayo siku ile ile na chai mkononi. Sikusema, kwa kuwa wewe hukutaka nijue. Nikaona nikushonee tu. Nilishuka kule chini kufanya haraka, maana mwanangu yuko juu ya mlima wa moto na mguu mmoja tu mzima, anatuandikia kwamba anakimbia vizuri.

Ungeandika "nimeungua", ningepanda gari la Breki na magoti yangu haya nije nikuchukue. Na wewe ungeandikiwa "Baba yuko chini anakushonea", ungeniokoa mapema. Sote wawili tulijifanya hamnazo, na dada yako ndiye aliyelipia kwa kulia.

Breki amepita hapa jana. Amenieleza alikubeba kutoka wapi mpaka wapi. Si kipande fulani. Hakutia chumvi hata chembe, alikuwa analia huku anasimulia, na mimi nikalia naye, na mtoto wa darasa la jirani akatuletea maji.

Dada yako ananichungulia begani, anasema nisikukaripie. Sikukaripii. Nakupenda, wewe mtoto. Nimeshaandika, sitarudia, itunze barua.

Breki anakuletea kiatu cha kulia. Ndicho nilichotoka nacho siku tuliyohama. Dada yako alitoka na hamira na paka. Kalibu zote ziko chini ya lava, na ile ya kushoto hata ingepona nisingeitumia. Mguu ulioungua haurudi ulivyokuwa. Kuna mahali unataka nafasi na mahali unataka ulaini, na mahali hapo napajua kwa kidole tu.

Usiseme utatubana. Dada yako ameshaunganisha madawati mawili kando ya dirisha, na Bwana Afya amelalia mahali pako, hataki mtu apasogelee. Nimepata ngozi. Nimepata kigoda pia, safari hii kirefu.

Mguu haupimwi kwa barua. Ulete.

Baba yako